Ukuta wa msingi unaopitisha mabomba mengi: tupange matundu kabla nondo hazijafungwa

#1 — Nondo_Kumi_na_Sita

Wakuu, habari za majukumu.

Uzi huu nauandika kwa sababu ya jambo ninaloliona kwenye mijengo mingi ya mlimani hapa Arusha, kuanzia Ilboru, Sekei na Sanawari hadi vilima vya Moshono. Kiwanja kina mteremko. Mwenye nyumba anachimba upande wa juu apate stoo au maegesho chini, na ukuta wa msingi wa upande huo unageuka kuwa ukuta wa zege unaozuia udongo wa mita mbili na nusu hadi tatu. Nondo zinafungwa, zege linamwagwa, fomu (mbao za kushikilia zege bichi) zinafunguliwa, ukuta umenyooka. Halafu anaingia fundi bomba na nyundo na tindo. Barabara iko juu, kwa hiyo maji ya AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, yanatoka huko, waya wa TANESCO unatoka huko, intaneti nayo. Shimo la majitaka limechimbwa karibu na geti ili gari la kunyonya lifike. Ongeza bomba la tenki, la pampu, la waya za sola. Unakuta matundu saba au nane yamejipanga mstari mmoja usawa wa kifua, kwa sababu hapo ndipo mkono unafika bila ngazi.

Matundu hayo ni sehemu ya ubunifu wa ukuta, kama ulivyo unene wake na nondo zake. Yakiamuliwa na tindo baada ya zege kukauka, ukuta uliochorwa na mhandisi haupo tena. Upo mwingine ambao hakuna aliyeupigia hesabu.

Tuanze na kazi ya ukuta wenyewe. Udongo unausukuma ukuta kwa ubavu, na msukumo unaongezeka kadiri unavyoshuka. Chukua udongo wenye uzito wa kilonewton 18 kwa mita ya ujazo na ukuta wa mita 3 uliosimama peke yake, haujashikwa juu. Kwa mgawo (sehemu ya uzito wa udongo inayogeuka kuwa msukumo wa ubavu) wa theluthi moja, ambao hutumika sana kwa udongo wa kichanga, chini kabisa unapata msukumo wa karibu kilonewton 18 kwa kila mita ya mraba. Nguvu ya kuupinda ukuta pale unapokutana na kitako chake ni kama kilonewton-mita 27 kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta. Panda mpaka nusu ya kimo, nguvu hiyo imeshuka hadi kama 3.4, yaani sehemu moja ya nane. Inapungua kwa mchemraba wa kina, na hapo ndipo penye faida kwetu sisi watu wa mabomba. Tundu lile lile la inchi 6 likikaa juu karibu halina madhara, likikaa chini linakata nondo mahali zinapohitajika kuliko popote.

Pili ni mpangilio. Kwenye ukuta wa namna hii nondo zinazobeba mzigo mkubwa ni za wima. Tuseme zimefungwa kila sentimita 15. Ukipanga matundu nane ya sentimita 16 kwa mstari wa ulalo, ndani ya mita mbili na nusu, kila tundu litakutana na nondo moja au mbili za wima. Katika nondo 16 au 17 zilizopo hapo umekata nusu au zaidi. Matundu hayo hayo ukiyapanga kwa safu mbili za kusimama, manne kila safu, nondo zinazokatwa ni chache sana kwa sababu nondo moja ikishakatwa mara moja, tundu la juu yake halikati nyingine mpya. Idadi ya mabomba haijabadilika. Kilichobadilika ni mpangilio tu, na haugharimu kitu kama umefanyika kwenye karatasi.

Tatu, nafasi kati ya tundu na tundu. Kipimo kilichozoeleka ni kwamba kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya jirani yake kusipungue kipenyo mara tatu, ukichukua kipenyo cha lile kubwa. Kwa tundu la milimita 160 hiyo ni sentimita 48. Zege linalobaki kati ya matundu mawili lazima liweze kujazwa kokoto vizuri na kushika nondo. Ukiacha ukanda wa sentimita tano, vaibreta (mashine ya kutikisa zege lishuke) haipiti, kokoto zinakwama, na ukifungua fomu unakuta sega la nyuki, yaani zege lenye mapengo.

Nne, slivu. Bomba lenyewe lisizikwe ndani ya zege. Weka slivu, yaani kipande cha bomba kubwa kinachokaa ndani ya fomu na kubaki humo, kisha bomba lipite ndani yake baadaye. Kanuni za mabomba za Marekani zinataka slivu ya ukuta wa msingi iwe saizi mbili juu ya bomba linalopita. Kwa vipimo vya hapa, bomba la milimita 110 lipite kwenye slivu ya 160, linabaki na kama sentimita mbili kila upande. Nafasi hiyo ni ya lazima. Nyumba inatulia kidogo baada ya kujengwa, kifusi cha nje kinatulia zaidi, na bomba lililobanwa na zege ndilo linalokatika.

Kabla ya yote hayo, jiulizeni kama bomba lina sababu ya kupita kwenye ukuta ule. La vyumba vya juu linaweza kutokea juu ya ukuta. La bafu la chini litoke upande wa chini wa mteremko, ambako hakuna udongo wa kuzuia.

Karibuni tujadili. Nina hamu hasa ya kusikia mafundi bomba.

---

#2 — MamaMjengo_Moshono

Asante sana mkuu, uzi umenikuta wakati wake. Mimi nimemaliza kuchimba, nondo za ukuta zimeshakatwa lakini hazijafungwa. Ukuta utakuwa na kimo cha mita 2.8 na unene wa sentimita 20. Ramani yangu ina kurasa za msanifu na kurasa za nondo, ila ya mabomba hakuna kabisa.

Fundi wangu ananishauri hivi: "Mama, tuache dirisha moja la sentimita 60 kwa 40, mabomba yote yapite humo, halafu tutaziba na zege." Inasikika rahisi. Je, ni salama?

---

#3 — Bomba_Safi

Kwa kuwa mafundi bomba tumeitwa, nami nimefika.

Naomba kwanza haki yetu. Fundi bomba hapigiwi simu wakati nondo zinafungwa. Anapigiwa zege likishakauka, anaambiwa leo hii choo kinatakiwa kitoke. Hakuna mwenye nyumba anayetaka kulipa siku ya fundi bomba kwenye hatua ya msingi. Mnipe nusu siku tu kabla fomu ya pili haijafungwa, sitagusa tindo maisha yangu yote.

Sasa kazi yenyewe. Bomba la majitaka haliwekwi popote mtu anapopenda, linaamuliwa na mteremko. Unaanzia mwisho, sio mwanzo. Pima kina cha bomba linapoingia kwenye chemba ya mwisho au kwenye shimo, kisha rudi nyuma kuelekea nyumbani ukipandisha sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Kama chemba iko mita 12 kutoka ukutani, tundu litakuwa sentimita 30 juu ya pale bomba linapoingilia chemba. Ukishapata usawa huo, umefungwa hapo. Bomba la maji safi linaenda kwa presha, linaweza kupanda na kushuka, waya vilevile. Kwa hiyo majitaka yachague mahali kwanza, wengine wafuate. Nimeona mipango ambayo bomba la intaneti limekaa mahali pazuri na la choo limebanwa chini kwenye kitako cha msingi. Huo ni mpangilio wa kinyume.

Na kufunga slivu kuna ufundi wake. Ikatwe urefu sawa kabisa na unene wa ukuta, mdomo mmoja ugote fomu ya ndani na mwingine fomu ya nje. Ndani yake wekeni kipande cha mbao cha mviringo kilichopigiliwa kwenye fomu, ili slivu ikae juu ya mbao hiyo na isitembee. Waya wa kufungia peke yake hautoshi, zege likimwagwa slivu inaelea au inasukumwa, mkija kufungua mnakuta tundu limepanda sentimita nne na mteremko umekufa. Midomo izibwe, ndani mjaze mchanga mkavu ili vaibreta isiibonyeze. Zege limwagwe pande zote mbili za slivu kwa usawa, lisirundikwe upande mmoja.

---

#4 — Nondo_Kumi_na_Sita

Bomba_Safi, umesema kweli tupu, hasa hilo la kuanzia kwenye chemba. Nakubali pia kwamba lawama si yenu. Anayeandaa ratiba ya mjengo ndiye anayepaswa kuwaita.

Dada MamaMjengo, dirisha moja linaweza kuwa salama, lakini si kwa namna fundi wako anavyolifikiria. Likiwa halimo kwenye hesabu, ni tundu kubwa kuliko yote.

Ukuta ule ufikirie kama vipande vya kusimama, kila kimoja kinabeba udongo wa mbele yake. Ukitoa kipande cha sentimita 60, udongo uliokuwa unakisukuma haujaondoka. Unahamia kwa majirani wawili. Kama kila jirani ana upana wa sentimita 60, sasa anabeba udongo wake na nusu ya ule wa tundu, yaani sentimita 90 kwenye upana wa 60. Mzigo umekuwa mara moja na nusu. Nondo za pembeni mwa dirisha lazima ziongezwe kwa kiasi hicho, na wa kuamua ni mhandisi wako, sio mimi wala fundi.

Kanuni inayofuatwa ni kwamba nondo zote zilizokatizwa zirudishwe, nusu upande huu na nusu upande ule, kwenye uso wa ndani na wa nje wa ukuta. Zipite ukingo wa tundu kwa kipenyo chake mara 40 hadi 50. Nondo ya milimita 12 ipite kwa sentimita 50 hadi 60. Mafundi wengi wanakata kipande cha sentimita 80 wakidhani kimetosha tundu la 60, kumbe kila upande kimezidi kwa sentimita kumi tu. Nondo ya namna hiyo haishiki chochote. Kanuni ya zege ya Marekani, ACI 318, inataka kuzunguka uwazi wa ukubwa wa dirisha au mlango kuwe angalau na nondo mbili za milimita 16 za ziada kama ukuta una matandiko mawili ya nondo, na moja kama una tandiko moja, nazo zishike vizuri kwenye pembe. Dirisha la sentimita 60 kwa 40 linastahili heshima hiyo.

Tena pembe za dirisha ndizo mahali ufa unapoanzia, unakwenda kwa mshazari. Ndiyo maana tunaweka nondo za mshazari kwenye kila pembe. Tundu la duara halina pembe, kwa hiyo slivu za duara zilizoachana vizuri ni rafiki wa ukuta kuliko dirisha.

Halafu kuna kuziba. Zege jipya lililosindikwa kati ya mabomba manane ndani ya dirisha litasinyaa na kuachana na zege la zamani pande zote. Kama utachagua dirisha, ukingo wake uparuzwe uwe na meno, uloweshwe, na ujazwe kwa mota isiyosinyaa, sio kwa mabaki ya zege la siku hiyo.

Ushauri wangu kwako: ukuta wa sentimita 20 wenye kimo cha 2.8, weka slivu. Achana na dirisha.

---

#5 — Kitako_cha_Msingi

Habari wakuu. Mimi ni mhandisi wa majengo. Mada nzuri, ila kuna jambo kwenye #1 ambalo lisiposahihishwa mtu anaweza kuumia.

Hesabu ya Nondo_Kumi_na_Sita ni ya ukuta uliosimama peke yake. Nyumba nyingi za mteremko hazina ukuta wa namna hiyo. Ukuta wake umeshikwa juu na jamvi, yaani sakafu ya zege, la ghorofa ya kwanza. Ukuta ulioshikwa juu hauwezi kuegemea mbele hata kidogo, kwa hiyo udongo nao haulegei, na mgawo wa kutumia ni mkubwa zaidi, karibu nusu badala ya theluthi. Kwa mita 3 zile zile msukumo wa chini unakuwa kama 27 badala ya 18.

Pia mahali pa hatari panahama. Kama ukuta umeshikwa juu na umekaa tu chini bila kukazwa, unapinda zaidi chini kidogo ya katikati, kama asilimia 58 ya kimo ukipima kutoka juu. Nguvu yake hapo ni kama kilonewton-mita 15 na nusu kwa mita. Kwa hiyo mtu aliyesoma #1 akaelewa kwamba nusu ya kimo ni salama, ajue haifai kwa ukuta huu. Tena uso unaovutika hapo ni wa ndani, sio wa nje. Anayerudisha nondo kwenye uso mmoja tu akidhani ameshamaliza, anaweza kuwa amerudisha kwenye uso usiohitaji.

Robo ya juu ndiyo nzuri kwa hali zote mbili, mradi usikaribie sana jamvi, maana pale ukuta unapoegemea jamvi kuna nguvu ya kukata. Chini karibu na kitako pabaki bila tundu kadiri inavyowezekana.

Ninalisisitiza hili kwa nguvu zangu zote: kama ukuta umebuniwa kushikwa na jamvi, msijaze kifusi nyuma yake kabla jamvi halijamwagwa na kupata nguvu. Ukuta ule unakuwa umesimama peke yake kwa nondo ambazo hazikuwekwa kwa kazi hiyo. Ukiwa na matundu manane juu yake ndiyo kabisa.

---

#6 — Nondo_Kumi_na_Sita

Injinia, nashukuru, na wasomaji wafuate #5 pale inapotofautiana na #1. Swali la kwanza kwa mhandisi wako basi ni hili: ukuta wangu unashikwa juu au hapana? Jibu lake ndilo linaloonyesha mabomba yapite wapi.

---

#7 — Mkazi_wa_Kibosho

Nasoma nikiwa Moshi. Huku kwetu tatizo kubwa ni maji kuliko udongo. Juu ya kiwanja changu unapita mfongo (mfereji wa kumwagilia) wa zamani, bado unatumika kwa migomba na kahawa. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ardhi yote ya juu inalowa. Ukuta wa chini wa jirani yangu haujapasuka popote, zege zuri, lakini maji yanaingia kuzunguka kila bomba. Ameziba kwa saruji kila mwaka na kila mwaka yanarudi. Kwa nini, na mimi ninayeanza nifanye nini?

---

#8 — Nondo_Kumi_na_Sita

Mzee wa Kibosho, heshima yako. Hapa sitafupisha, kwa sababu maji ndiyo yanayoharibu kuta nyingi za mlima wenu Kilimanjaro na wa kwetu Meru.

Kwanza uzito. Ukuta wa mita 3 ulioshikwa juu unasukumwa na udongo mkavu kwa 27 pale chini, kama alivyosema Injinia. Maji yakijaa nyuma yake mpaka juu, maji peke yake yanasukuma kwa 29. Udongo ukizama unapungua uzito, unabaki kama 15, lakini jumla inafika 44 hivi. Hakuna kilichoonekana kubadilika kwa nje. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuyazuia maji yasikae: tandiko la kokoto safi nyuma ya ukuta kuanzia chini hadi karibu na juu, kitambaa cha kuchujia kati ya kokoto na udongo ili matope yasizibe, na bomba lenye matundu miguuni mwa ukuta linalotoa maji pembeni na kuyamwaga chini ya mteremko. Juu ya uso wa ardhi chimba mtaro wa kuyakinga maji ya mvua na ya mfongo yasifike ukutani.

Sasa kwa nini saruji ya jirani inashindwa. Anaziba kwa ndani, na maji yanasukuma kutoka nje, kwa hiyo yanaing'oa. Tena bomba la plastiki ni laini, saruji haishikamani nalo, na plastiki hutanuka na kusinyaa kwa joto kuliko zege. Lazima uwazi ubaki. Penye uwazi mdogo kama uzi, maji yenye kina cha mita mbili nyuma yake yatapita.

Kinachofaa kwenye slivu ni pete ya vipande vya mpira vinavyokazwa kwa bolti. Unaizungusha kwenye bomba ndani ya slivu, unakaza, mpira unavimba na kubana bomba na slivu kwa pamoja. Bomba linaweza kucheza kidogo bila kuvuja. Ikikosekana, tumia kamba ya kusindika na mastiki (gundi laini ya kuziba) ya kudumu ndani na nje, sio saruji.

Slivu yenyewe nayo ina uso wa nje unaogusana na zege, na maji yanaweza kupita hapo. Slivu ya chuma iwe na bamba la duara lililochomelewa katikati, litakalozama ndani ya zege, ili maji yalazimike kulizunguka. Slivu ya plastiki ipakwe gundi ya mabomba na kunyunyiziwa mchanga mkali ikiwa bado mbichi, inapata ngozi ya kushikwa na zege. Kuna pia mkanda unaovimba ukipata maji, unaozungushwa kwenye slivu kabla ya kumwaga. Ukae katikati ya ukuta, uwe na zege la sentimita saba na nusu hivi kila upande, kwa sababu ukivimba karibu na uso unaweza kulipasua zege. Kwenye ukuta wa sentimita 15 hauna pa kukaa.

Mabomba ya waya ndiyo yanayosahaulika. Maji hayapiti nje yake tu, yanapita ndani yake. Kisima cha waya kule getini kinajaa masika, bomba linateremka kuelekea nyumbani, na maji yanatokea kwenye swichi kubwa. Bomba la waya likiingia nyumbani liwe limeinamia nje, na mdomo wake uzibwe kuzunguka waya.

Mabomba ya alumini yasizikwe kwenye zege bichi hata kidogo. Saruji mbichi inaila alumini na kutoa gesi ya hidrojeni, na zege linalozunguka linapasuka.

Na nje ya ukuta, wakati wa kujaza, bomba lisilale juu ya kifusi kilichotupwa tu. Kikitulia kitalivuta bomba chini na kulivunja pale pale kwenye mdomo wa slivu. Shindilia tabaka kwa tabaka, na weka kiungo cha mpira karibu na ukuta ili bomba lipinde badala ya kukatika. Sisi tuko kando ya Bonde la Ufa. Waliokuwepo Julai 2007 wanakumbuka ardhi ilivyotetemeka kabla Ol Doinyo Lengai haijalipuka mwezi Septemba. Bomba lenye nafasi na kiungo kinachocheza linavumilia hayo.

---

#9 — Tofali_Bichi

Wakuu, mimi nimechelewa. Ukuta umeshamwagwa, umeshatobolewa kwa tindo, nondo nne zimekatwa na zinaonekana. Nizibe tu?

---

#10 — Kitako_cha_Msingi

Usizibe bado. Ukiziba unaficha kile ambacho mhandisi anatakiwa kukiona.

Piga picha na kipimo kikionekana. Pima kimo cha kila tundu kutoka chini, umbali kati yao, kipenyo cha nondo zilizokatwa na uso zilipo. Kama nyuma bado hakujajazwa kifusi, una bahati, acha hivyo hivyo. Kama kimejazwa na unaona ufa wa ulalo au ukuta umetoa tumbo kwa ndani, punguza kifusi cha juu na zuia watu kukaa chini yake mpaka aliyekuchorea aje.

Kinachofuata kinategemea hesabu. Mara nyingine ukuta una akiba na nondo nne za juu hazina madhara, unaziba kitaalamu tu, ukifunika ncha za nondo zisishike kutu. Mara nyingine inabidi kujenga nguzo za zege ndani kwa ndani pande mbili za matundu, zikiungwa na ukuta kwa nondo zilizochimbiwa na kugandishwa kwa gundi maalumu, au kuongeza unene wa ukuta eneo lile. Ni gharama, ila ndogo kuliko kubomoa. Mtafute mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na umpe ramani ya awali.

Na kama bado kuna matundu yamebaki, weka tindo chini. Tindo haliachi tundu la duara, linabomoa uso wa upande wa pili kwa vipande vikubwa na kulegeza zege pembeni ambapo jicho halioni. Kodi mashine ya kukata duara kwa almasi. Kabla haijaanza, zitafute nondo kwa kifaa cha kuzisoma ndani ya zege na zichorwe kwa chaki ukutani, ili tundu lihamishwe sentimita tano na kuzikwepa. Mara nyingi sentimita tano zinatosha.

---

#11 — Bomba_Safi

Naongeza kwa Tofali_Bichi na wengine: msichimbe mtaro wa bomba sambamba na kitako cha msingi na kushuka chini yake. Fikiria mstari wa mshazari wa nyuzi 45 unaoteremka kutoka ukingo wa chini wa kitako kwenda nje. Mtaro ubaki juu ya mstari huo. Ukishuka chini yake unanyang'anya udongo unaobeba nyumba. Mvua moja tu ya masika inatosha kuubomoa ukingo wa mtaro.

---

#12 — MamaMjengo_Moshono

Wakuu, mmenifungua macho. Nimezungumza na aliyenichorea nondo: ukuta wangu unashikwa na jamvi juu, kama alivyosema Injinia. Amekubali kuja siku moja na fundi bomba na fundi umeme, wote wasimame mbele ya nondo zikiwa zimefungwa uso mmoja, slivu zipangwe hapo hapo kisha azichore kwenye ramani. Majitaka yatatoka upande wa chini, hayataugusa ukuta huu kabisa. Zimebaki slivu tano.

Swali la mwisho. Je, niweke slivu za akiba? Kesho naweza kuchimba kisima au kuongeza kitu ambacho leo sikijui.

---

#13 — Nondo_Kumi_na_Sita

Weka, dada. Mbili zinatosha, moja ya milimita 110 kwa bomba lolote la maji na moja ya 63 kwa waya. Zikae kwenye robo ya juu pamoja na zile tano, na mhandisi azihesabu kama matundu kamili yenye nondo zake, hata kama zitakaa bila kazi. Upande wa nje ziba kwa kifuniko kilichogandishwa kwa gundi, kisha lami au utando wa kuzuia maji upite juu yake pamoja na ukuta wote. Upande wa ndani ziba kwa kifuniko cha kufungua.

Kabla ya kujaza kifusi, andika umbali wa kila slivu kutoka kona ya nyumba na kutoka juu ya jamvi, upige picha ukuta ukiwa wazi na futi imewekwa pembeni. Karatasi hiyo ikae na ramani. Atakayekuja kuunganisha kisima atajua achimbe wapi bila kugusa ukuta.

Zege la ukuta wako lisiwe la maji mengi. Kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, lita 25 za maji ndiyo nusu ya uzito wa saruji, na mchanga wenye unyevu ukihesabiwa yanapungua zaidi. Mafundi watalalamika kwamba halitiririki kwenye slivu. Waambie watumie kokoto ndogo kwenye eneo lile na vaibreta yenye kichwa chembamba, wasiongeze ndoo ya maji. Fomu zikifunguliwa, mwagilia siku saba.

---

#14 — Mkazi_wa_Kibosho

Nondo_Kumi_na_Sita, kokoto za nyuma ya ukuta ziende upana gani?

---

#15 — Nondo_Kumi_na_Sita

Sentimita 30 zinatosha mzee, kuanzia kwenye bomba la matundu hadi kama nusu mita chini ya uso wa ardhi. Hiyo nusu mita ya juu ijazwe udongo mzito ulioshindiliwa, uinamie mbali na nyumba, ili maji ya mvua yasizame moja kwa moja kwenye kokoto.